Mama Alipopanda Sauti ya Kwanza

Wiki iliyopita, sokoni, mwanamke aliyekuwa mbele yangu alivunja kipande cha tangawizi mbichi kuona kama imekomaa, na harufu ile ikanisimamisha. Muuzaji aliniuliza mara mbili nataka nini. Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikaondoka. Nimefikia umri ambao mama yangu hakuufikia, na nimezoea kupitisha siku nyingi bila kumkumbuka kwa uchungu. Lakini tangawizi mbichi hunirudisha Tunduma, kwenye chumba chetu nyuma ya barabara ya mpakani, nikiwa na miaka tisa, nikimtazama mama anatafuna huku amefumba macho, anajiandaa kupanda.

Kupanda ndilo neno alilolitumia mwenyewe. Alikuwa akisema, "Leo nimepanda kidogo," kama mtu anayesimulia safari. Nami kila niliposikia hivyo niliogopa, kwa sababu nilidhani najua wanaopanda huishia wapi.

Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Zambia, akafa kabla sijaanza shule. Ninachokumbuka kwake ni koti lenye harufu ya dizeli na mkono mzito uliotua kichwani mwangu. Mama akabaki na kibanda cha chakula kando ya foleni ya malori. Foleni ile ndiyo iliyokuwa Tunduma yetu. Malori yalisubiri kuvuka siku mbili, siku nne, na madereva walilala chini ya matela, wakanyoa ndevu kwa vioo vya pembeni, wakaja kibandani kwetu na vumbi kwenye kope. Wazambia walisalimu kwa lugha yao, "Mulishani, bamayo," kisha wakaomba nshima, na mama akawapa ugali uleule aliowapa wengine, akacheka nao. Alikuwa na kicheko kizito cha chini, na alipoongea ungedhani ana mafua yasiyokwisha. Kwenye kwaya ya kanisa letu aliimba sauti ya pili, tena chini yake kabisa, na wenzake walimtania kwamba siku moja atapewa suruali akasimame na wanaume.

Aliyeimba sauti ya kwanza alikuwa mama mdogo Yusta, mdogo wake, aliyekuwa akiishi nasi. Mama mdogo alikuwa mwembamba tangu mwanzo, mwenye mwanya na kucha alizopenda kuzipaka rangi ya zambarau. Alipofungua mdomo watu waligeuka. Mwalimu wa kwaya, ambaye siku za kazi alikuwa fundi baiskeli, alikuwa ametunga wimbo wa kuaga marehemu, na mwishoni mwa wimbo ule sauti ya kwanza ilipanda peke yake, ngazi baada ya ngazi, zile nyingine zikishuka na kuiacha juu. Pale juu kabisa palikuwa na neno moja tu, "lango". Mama mdogo alilishika neno lile mpaka wanaume waliokuwa wameshika makoleo wakainamisha vichwa. Miaka ile mazishi yalikuwa mengi. Kulikuwa na majuma tuliyoimba mara tatu, na sisi watoto tulijua wimbo wa kuaga kuliko nyimbo za shuleni.

Kisha mama mdogo akaanza kuumwa. Watu wazima waliuita "ugonjwa wa siku hizi", wakishusha sauti, na hakuna aliyenieleza zaidi ya hapo. Mimi niliona kwa macho yangu tu. Mashavu yaliingia ndani, mikono ikawa kama ya mtoto, kisha mama akawa anamnyanyua peke yake kumpeleka bafuni. Lakini sauti haikupungua. Alilala kwenye godoro lake kona ya chumba, akaimba bila kupaza, na bado alifika pale pa "lango" bila kukwama. Mama mmoja wa kwaya alikuja kumjulia hali, na alipokuwa anatoka alimwambia mama mlangoni, "Mwe, Yusta amebaki sauti tu."

Nililichukua neno lile kama lilivyo. Nikaliweka pamoja na jingine nililokuwa nalijua, kwamba aliyeimba sauti ya kwanza kabla ya mama mdogo, dada mmoja aliyekuwa akiuza vitenge, naye alikonda hivyohivyo na tukamzika. Wawili walinitosha. Kina mama wa sauti ya pili walikuwa wanene na hai. Nikaelewa kwamba sauti ya juu inakula mwili, kwamba inaumaliza mwili ili yenyewe ipate kupanda, na mtu akibaki sauti tu, anakufa. Sikumwambia yeyote. Ilionekana kwangu kuwa jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayetaka kulitaja.

Mama mdogo Yusta alizikwa siku ya mvua. Tulipofika mahali pa "lango" sauti ya pili, ya tatu na ya nne zilishuka kama kawaida, na juu hapakuwa na mtu. Tulisikia mvua ikipiga majani ya migomba na honi za malori kutoka barabarani.

Siku chache baada ya matanga mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani. Alikataa kiti, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, vidole vikiwa bado na grisi.

"Mama Anna," alisema, "hatuna mtu wa kwanza."

"Mimi siyo wa kwanza, Mwalimu. Mimi nikipanda kidogo nakatika."

"Utapanda polepole. Leo kidogo, wiki ijayo kidogo. Yusta naye hakuanzia kule."

Mama alilitazama godoro lililokunjwa kwenye kona. Nilikuwa nimeketi karibu na jiko, nikaomba kimoyomoyo akatae.

"Nisipoimba mimi, wimbo wake utaachwa?" aliuliza.

"Utaachwa."

"Basi nitajaribu."

Mwalimu akamwachia kinanda chake kidogo cha mdomo ili apate mahali pa kuanzia. Tangu siku ile niliamshwa na sauti ya mama. Alifanya mazoezi alfajiri akichochea moto wa kibandani, madereva wakiwa bado wamelala, au mchana malori yalipounguruma pamoja kiasi kwamba majirani wasingeweza kumsikia. Alipuliza kinanda, akashika do, akapanda mpaka so, akarudi. Kesho yake akaanza juu kidogo. Alitafuna tangawizi, akavunja yai bichi akalimeza, akanywa maji ya moto yenye asali. Alilala chali juu ya mkeka na kopo la mchele tumboni, akavuta pumzi mpaka kopo likanyanyuka, kisha akaitoa kidogokidogo, "sss", huku akihesabu kwa vidole. Kila noti mpya aliyoipata kwa siku tatu mfululizo bila kukatika aliiwekea mstari wa mkaa ukutani, juu ya mistari mingine.

Kulikuwa na mahali alipokwama kwa wiki nyingi. Sauti yake nzito ilifika pale ikapasuka, ikatoa mlio wa mlango usiotiwa mafuta, naye akaguna kwa hasira na kuanza upya. Mwalimu alikuja Jumamosi moja akamsikiliza.

"Unaisukuma," alimwambia. "Unataka kuipandisha kwa kifua. Kifua kimeishia hapo. Iachie, ipite kichwani."

"Itapotea."

"Iache ipotee. Itarudi nyembamba."

Ikarudi nyembamba kweli. Ilikuwa siku ya kufua, mama ameinama kwenye beseni, na nikasikia kitu kama uzi kikitoka kwake, kisafi, kisicho na uzito, sauti ambayo haikuwa ya mama yangu hata kidogo. Alinyanyuka mikono ikidondosha povu, akacheka kile kicheko chake kizito. "Anna, umesikia? Ile ilikuwa mimi." Nilikubali kwa kichwa. Nilikuwa nimesikia, na aliyenijia akilini alikuwa mama mdogo.

Tangu hapo alipanda haraka, na mwili wake ukaanza kupungua. Leo najua kwamba huzuni ilikuwa imemwondolea hamu ya kula, na kwamba ugonjwa wenyewe tayari ulikuwamo ndani yake, ulioachwa na baba. Lakini wakati ule nilikuwa na ukuta wa kusomea. Mistari ya mkaa ilipanda, na sketi yake ya kanisani ikawa inafungwa kwa pini, kwanza pini moja kisha mbili. Asubuhi nilipokuwa nikimsaidia kufunga kanga niliipima mikono yake kwa macho. Nilihesabu ngazi zilizobaki mpaka "lango". Zilikuwa nne, zikawa tatu.

Nilianza kwa mambo madogo. Niliangusha mayai nikasema nimejikwaa. Tangawizi niliitupa kwenye mtaro. Alinigombeza, akanunua nyingine. Zilipobaki ngazi mbili alifariki mzee mmoja wa kanisa, mtu aliyejulikana mji mzima, na mwalimu akasema mama ataimba sauti ya kwanza. Asipofika juu kabisa, atashika noti ya chini yake, inatosha. Mama hakulala vizuri kwa furaha na woga. Alitengeneza asali yake na tangawizi iliyopondwa, akaitia kwenye kichupa cha dawa ili aimeze pale pale makaburini kabla ya wimbo.

Alipokwenda kuoga nilichukua pilipili kichaa tulizokuwa tumekausha kwa ajili ya wateja, nikazisaga kwa jiwe mpaka zikawa unga, nikazimimina zote ndani ya kichupa na kukitikisa. Macho yalinitiririka machozi, nikayaosha. Nilifanya hivyo kwa utulivu kabisa. Niliamini namwokoa.

Makaburini palijaa watu mpaka barabarani. Nilisimama na watoto wenzangu juu ya tuta, nikamwona mama akigeuka pembeni, akiinamisha kichwa, akimeza kwa mara moja. Tangawizi ilificha ukali kwa muda mfupi. Kwaya ilipoanza, alianza nayo. Ubeti wa kwanza aliumaliza. Kisha nikaona bega lake linaruka. Alijaribu kuvuta pumzi, ikakataa, akakohoa, akakohoa tena, akashika shingo, na kikohozi kikamkunja mpaka magoti yakagusa udongo wa kaburi. Kwaya iliendelea kwa sauti tatu. Watu waliokuwa karibu naye walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja. Sijawahi kuisahau hatua ile.

Sikuwa nimefikiria watu watasema nini. Alikuwa mjane wa dereva. Alikuwa dada yake Yusta. Alikuwa amekonda. Sasa amekohoa mbele ya mji mzima mpaka akaanguka. Ilipofika jioni hakuna aliyehitaji kuuliza. Kesho yake madereva watano walikuja kula, kesho yake tena wawili. Mama mmoja jirani, tuliyekuwa tukiazimana naye chumvi, aliwaambia wateja wake kwa sauti ya kutosha kufika kwetu, "Kuleni hapa, ndugu zangu. Kule hapafai." Siku ya nne mama alipika sufuria moja ndogo, akakaa nayo mpaka jua likapinda, kisha akaiinamisha mtaroni. Mbwa wa barabarani wakaja. Mama aliwatazama wakila.

Mwalimu alikuja kuchukua kinanda chake. Hakuketi.

"Pumzika kidogo, Mama Anna. Ukipata nafuu tutaona."

"Siumwi, Mwalimu. Ni asali tu iliniwasha."

"Sawa," alisema. "Lakini pumzika."

Mwezi ule haukuisha tukawa tumefunga virago kwenda Iyula, kwa bibi, mama yake mama. Iyula ni mashamba, kahawa na mahindi, na asubuhi ukungu huwa mzito kiasi kwamba unasikia mtu anapalilia usimwone. Bibi hakuuliza kilichotuleta. Alimpa mama kikapu cha kuchumia kahawa, akanipa mimi jembe dogo, na maisha yakaendelea. Nilikuwa na furaha ya siri. Kinanda kilikuwa Tunduma, ukuta wenye mistari ulikuwa Tunduma, na mama alikula viazi na maharage ya bibi na akaanza kurudisha mashavu. Nilijiona nimeshinda.

Asubuhi moja, msimu wa kuchuma, tulikuwa kwenye mistari miwili tofauti ya mibuni. Ukungu ulikuwa bado umetanda. Nikamsikia ameanza, taratibu, bila kinanda, akipanda wimbo wa kuaga. Alipita pale alipokuwa akikwama. Akapita ngazi aliyokusudia kuishika siku ya mazishi. Kisha akafika. Neno "lango" lilitoka juu ya mibuni, jembamba na kamili, akalishika, akalishika, hata ndege wakanyamaza, au labda ni mimi niliyeacha kuwasikia. Halafu nikamsikia anakimbia, kikapu kikigonga matawi, akatokea mbele yangu uso unang'aa kwa unyevu.

"Umenisikia? Anna, nimefika. Nimefika kabisa."

Nikaanza kulia. Alidhani nalia kwa furaha, akanikumbatia. Nikamsukuma.

"Utakufa," nilimwambia. "Kama mama mdogo. Acha, mama, utabaki sauti tu." Kisha likatoka lote, mayai na tangawizi na pilipili.

Kikapu kilimponyoka, buni zikamwagika. "Nani alikutuma?" aliuliza.

"Hakuna."

"Jirani alikutuma? Niambie."

"Hakuna aliyenituma. Nilitaka usipande."

Alinizaba kofi moja. Kisha akakaa chini kwenye majani yenye umande, akaweka mikono usoni, na nilipoketi karibu naye hakunifukuza.

"Sauti haiui mtu," alisema baadaye. "Yusta aliuawa na ugonjwa. Ni ugonjwa, Anna. Hata asingeimba."

"Na baba?"

"Na baba."

"Na wewe unao?"

Aliokota buni zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kikapuni. "Sijui," alisema. "Sitaki kujua."

Hakunitosheleza. Kama hajui, basi huenda nilikuwa sahihi. Nilimng'ang'ania nguo, nikamwambia aahidi kwamba hatapanda tena, na kama hataahidi sitakula. Nilimaanisha. Kwa siku mbili sikula, na bibi alianza kutafuta mganga. Siku ya tatu mama alikuja na bakuli la uji, akakaa kitandani kwangu.

"Haya. Sitapanda tena."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kunywa uji."

Akatimiza. Kanisani Iyula aliingia sauti ya pili, chini kabisa, kama zamani. Kama mwaka na nusu ulipita hivyo. Halafu mashavu yakaanza kuingia ndani tena, na mimi nilichanganyikiwa, kwa sababu hakuwa amepanda. Nilimvizia shambani na mtoni kuona kama ananidanganya. Hakuwa ananidanganya. Alikonda akiwa na sauti ya chini, akalala kitandani akiwa na sauti ya chini. Dawa za kurefusha maisha zilikuja huku kwetu miaka mingi baadaye.

Mchana mmoja, bibi ameenda kuteka maji, mama aliniita. Alikuwa ameelekea dirishani.

"Anna, nataka niimbe ile ya Yusta. Mara moja tu. Naomba."

Aliniomba. Mama yangu, kwa mtoto wa miaka kumi na moja, aliomba ruhusa. Nami bado nilikuwa nashikilia kamba yangu ya mwisho. Niliona kwamba ahadi ile ndiyo iliyomweka hai mpaka siku ile.

"Uliahidi," nilisema.

Alinitazama kidogo. "Ndiyo," alisema. "Niliahidi." Akageukia ukutani. Hakuomba tena, na wiki ya pili yake akafa.

Tulimzika juu ya shamba la kahawa. Kwaya ya Iyula ilikuja, na sauti ya kwanza ilishikwa na msichana mmoja wa jirani, mkubwa kwangu kwa miaka michache, mwenye sauti kali iliyopanda bila taabu. Niliacha kulia nikamtazama yeye. Niliyatazama mashavu yake, shingo yake, mikono yake. Tangu siku ile nilimfuatilia kila Jumapili. Nilikuwa nikikaa benchi la mbele nimpime vizuri, nikisubiri aanze kupungua. Aliimba Pasaka, akaimba Krismasi, akaimba kwenye kila msiba wa kata ile. Mwaka ukaisha. Mwaka uliofuata aliolewa, akaendelea kuimba, na Jumapili moja alipandisha ngazi za kanisa akihema, gauni limembana mabegani kwa unene, watu wakimtania kwamba ndoa imemkubali. Akaingia kwenye mstari wake, akafungua mdomo, akapanda mpaka juu.

Nilitoka nje kabla wimbo haujaisha. Bibi alinikuta nyuma ya kanisa, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana.